Formasio ya sentrali za simu: ulipe ao ujifundishe weye mwenyewe?



Mu grupe yetu ya WhatsApp kuna swali moja linarudiaka kila mara: "Kuna formasio ya sentrali za simu, Asterisk na FreePBX, wanatoa na cheti. Niende ao nisiende?" Watu wanajibiaka mbio-mbio. Mumoja anasema "enda tu, cheti haiozi". Mwengine anasema "wale wanakula feza za watoto wa watu". Kwangu mimi, majibu yote mawili yanaruka swali lenyewe. Mi ni agronome, sikusoma informatike ku Kasapa, lakini kazi na makooperative ya wakulima ilinifikisha kwa hii programu, juu mukulima asiyesoma karatasi anasikiliza simu vizuri sana. Nitaeleza vile naona, na wale wa informatike wanaweza kuongeza.

Tuanze na kitu chenyewe. Ukilala ku hoteli ya mujini, ukakamata simu ya chumba ukabonyeza 9, resepsio wanajibu. Hakuna kadi ya SIM, hakuna unite zinaenda. Mule ndani kuna sentrali: inapokea simu, inajua nani iko na posti gani, inapitisha, inaweka muziki wakati unangoja, inakamata ujumbe kama mutu haiko. Zamani ile sentrali ilikuwa kabati nzima yenye nyuzi, na kuifungua ilikuwa kazi ya fundi wa kampuni iliyoiuza. Makampuni makubwa ya hapa kwetu, kama Gécamines, yalikuwa na simu zao za ndani. Mutu mudogo hakuwaza hata kidogo kununua kitu kama kile.

Mu mwaka wa 1999, kijana moja wa Marekani, Mark Spencer, alikuwa mwanafunzi ku Auburn, jimbo la Alabama. Alianzisha kampuni kadogo ka kusaidia watu wenye kutumia Linux, akahitaji sentrali, akaona bei, akashindwa. Akaandika yake mwenyewe mu ordinatere. Njo Asterisk hiyo. Aliitoa na ruhusa ya GPL: kila mutu anaweza kuichukua, kuisoma ndani, kuibadilisha, kuitumia bila kulipa. Kisha ile kampuni yake ikaitwa Digium, na mu mwaka wa 2018 kampuni ya Kanada, Sangoma, ilinunua Digium. FreePBX, ile sura ya kubonyeza-bonyeza inayowekwa juu ya Asterisk ili usiandike mafaili kwa mukono, iliingia mu mikono ya Sangoma mbele yake, mu 2015.

Sasa uliza: kama programu ni ya bure, kampuni inakulaka nini? Inauza simu za meza, inauza kadi na masanduku ya kuunganisha laini, inauza moduli za kuongeza, inauza msaada kila mwaka. Na inauza formasio. Formasio haiko zawadi pembeni ya biashara, ni biashara yenyewe. Hapo mimi naelewa vizuri juu ni kitu tunakionaka mu mashamba. Muuza mbegu akija mu kijiji kufundisha kulima mahindi, anafundisha kweli: nafasi kati ya mistari, tarehe ya kupanda, mbolea kiasi gani. Hakuna uongo. Lakini mwisho wa siku mukulima anajua paka kulima mbegu ya ule mufuko. Kama ni mbegu ya hibridi, mwaka unaofuata hawezi kupanda ile aliyovuna, mavuno yanashuka, inabidi anunue tena. Fundi wa INERA Kipopo angemuonyesha pia mbegu anayoweza kuchagua na kuchunga mwenyewe. Asterisk yenyewe ni mbegu ya kuchunga. Moduli za kulipa za FreePBX ni hibridi. Si mbaya, hata hibridi inazaa vizuri, lakini ujue umenunua nini.

Kuna habari moja kila mutu anayefikiri kulipa cheti inafaa aijue. Ni ya Elastix. Iliundwa ku Ecuador na kampuni PaloSanto Solutions, kuanzia 2006. Ilikusanya Asterisk, posta ya intaneti, faksi na mengine mu CD moja. Mafundi wa inchi nyingi waliipenda, na kampuni ilikuwa na formasio zake na vyeti vyake. Watu walilipa, waliweka jina la Elastix mu CV. Mwisho wa 2016, 3CX, kampuni yenye programu yake iliyofungwa, ilinunua Elastix. Elastix 5 iliyofuata haikuwa tena Asterisk ndani, ilikuwa 3CX yenye jina la Elastix. Wale wa zamani walikamata kodi ya mbele wakaendelea nayo kwa jina ingine, Issabel. Programu haikukufa, juu ilikuwa wazi. Cheti, sasa, kilibaki karatasi yenye jina la kitu kilichobadilika tumbo. Nani hakupoteza? Ni yule aliyejifunza Asterisk yenyewe chini ya ile sura: namna simu inaingia, namna inapitishwa, fasi ya kuangalia ikikatika. Ule alihama ku Issabel ao ku FreePBX kwa siku chache.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye kuuza formasio si bei. Muulize: mutafundisha kubonyeza, ao mutafundisha vile inatembea chini? Na usimuulize kwa maneno hayo, juu atajibu "vyote viwili". Muulize vitu vyenye jibu moja. Mufano: mutatumia chan_sip ao PJSIP? Ile chan_sip ni namna ya zamani ya Asterisk kuongea na simu. Iliondolewa kabisa mu Asterisk 21, mwaka wa 2023. Kama mwalimu anakuonyesha bado faili la sip.conf kama njia ya kawaida, anakuuzia chakula cha juzi. Swali ingine: FreePBX mutaiweka juu ya nini? FreePBX 17, ya 2024, inakaa juu ya Debian 12. Zile za mbele zilikaa juu ya sistemu iliyotoka mu CentOS 7, na CentOS 7 iliacha kupata matengenezo tarehe 30 mwezi wa 6, 2024. Mwalimu mwenye kujua kazi atajibu mara moja, pengine atafurahi umeuliza. Mwenye kukasirika, muache.

Na uliza kama kuna egzame ya mikono. Cheti cha zamani cha Digium, dCAP, kilikuwa na sehemu ya kuandika na sehemu ya kutengeneza sentrali kwa kweli. Njo namna mimi naheshimu. Formasio ya siku tatu ya kuangalia picha ku ukuta, kisha kila mutu anapewa cheti na soda, ile ni sherehe.

Mbele ya kulipa franka moja, jipime ku nyumba. Na hapa naomba usiruke, juu wengi wanaruka. Unahitaji ordinatere moja ya kawaida, hata ya okazio, yenye VirtualBox, Debian, Asterisk, ambayo kuipakua ni kidogo kuliko filme, na simu mbili za Android zenye Linphone ao programu ingine ya namna hiyo. Intaneti ni ya kupakua tu. Kisha unazima data, unaacha Wi-Fi ya ndani, na simu mbili zinaongea bila unite. Watu wa Hewa Bora mutanielewa: hata siku réseau imelala, hii inatembea, kama umeme uko.

Halafu ujipe kazi kwa mupango huu. Simu moja iite ingine. Ikikosa kujibiwa, ipokee ujumbe. Weka menyu: bonyeza 1 kwa bei, bonyeza 2 kuongea na mutu. Kisha zima ordinatere kwa nguvu, kama SNEL anavyofanyaka, uwashe, uone kama yote inarudi yenyewe. Kisha tafuta ile tatizo maarufu: simu inaita, mwengine anapokea, lakini sauti inatoka upande mumoja tu. Karibu kila mara sababu ni routa inayoficha adrese za ndani. Sauti inatumwa fasi isiyofikika. Ukiweza kuieleza na kuitengeneza, tayari uko mbele ya watu wengi wenye cheti. Buku moja ya lazima ni "Asterisk: The Definitive Guide" ya O'Reilly, wenye kuiandika waliitoa na ruhusa ya Creative Commons, matoleo yake yanasomeka bure ku intaneti. Ni Kingereza, nakubali. Kama Kingereza inakusumbua, ile feza ya formasio pengine ianze kwa Kingereza. Sisemi kwa kuchekesha: buku ile na makaratasi ya Asterisk yenyewe viko mu Kingereza, na formasio ya siku tano ya Kifaransa haitakubebea miaka inayofuata.

Kama baada ya mwezi moja hauna hata simu mbili zinazoitana, usilipe bado. Haimaanishi hauna akili. Inamaanisha unakosa vitu vya chini: adrese ya IP ni nini, porti ni nini, namna ya kutembea mu Linux bila panya. Formasio ya muuzaji haifundishaki hivyo. Inafikiri unavijua tayari, na siku ya pili utakuwa unakopia tu ku ubao. Tafuta kwanza masomo ya réseau. Hapa Lubumbashi kuna École Supérieure d'Informatique Salama ya Wasalesiani, kuna ba kubwa wenye kufundisha jioni, kuna vidio.

Kuna pia kazi ambayo hakuna muuzaji atakufundisha. Asterisk inakuja na sauti zilizorekodiwa tayari: Kingereza, Kifaransa, Kispanyola na zingine. Kiswahili haimo. Kama mama wa Katuba anaita kliniki na sauti inamujibu mu Kifaransa cha Kanada (ile ya Asterisk ni ya Kanada kweli), anakata. Inabidi urekodi weye mwenyewe, na mu Kiswahili kinachosikilika hapa. Na hesabu je? Kuna faili la say.conf linaloeleza namna ya kusema namba mu kila luga. Mu Kiswahili cha kitabu 35 ni thelathini na tano. Hapa watu wanasema makumi tatu na tano, na soko nzima inahesabu mu Kifaransa. Mi kwa bei za mahindi nimeona bora kurekodi hesabu za Kifaransa katikati ya maneno ya Kiswahili. Mwalimu wa Kiswahili atalia, lakini mukulima anaelewa.

Kitu hicho si ndoto. Ku Harare, watu wa Kubatana walitengeneza Freedom Fone, juu ya FreeSWITCH, ndugu ya Asterisk: mutu wa kawaida bila elimu ya programu aliweza kuweka habari za sauti, wengine wakaita kusikiliza. Viamo nayo inapitisha habari za afya na kilimo kwa sauti mu inchi nyingi za Afrika. Kwa sisi wa agronomi, hapo kuna kazi ya kweli: bei ya mbolea, onyo la viwavi mu mahindi, tarehe ya kupanda. Lakini angalia: Freedom Fone ilitafuta kurahisisha hadi formasio ndefu isihitajike. Kitu kigumu kilibaki kujua useme nini kwa mukulima, na saa ngapi.

Sasa soko. Hapa ninaongea kwa ukweli wangu, mwengine anaweza kupinga. Mu Lubumbashi maofisi mengi madogo hayatafuti sentrali. Yana WhatsApp na simu tatu za Airtel, Orange na Vodacom juu ya meza. Wenye kuhitaji ni hoteli, makliniki makubwa, mabanki madogo, mashule, ofisi za declarants wenye watu ku Kasumbalesa, na hasa makampuni yanayotumikia migodi ya Likasi na Kolwezi. Wale wa migodi wananunuaka kitu chenye jina na msaada ulioandikwa mu kontrati. Mu CV kwao cheti cha Cisco kinasomeka mbio kuliko cha Asterisk. Kwa hiyo mutu mwenye kutafuta kuajiriwa, na feza iko ya formasio moja tu, mi nitamwambia aanze kwa réseau ya jumla. Mwenye kutaka kufanya kazi yake mwenyewe, kupita ofisi kwa ofisi, hesabu yake ni ingine.

Tufanye ile hesabu kwa mufano, namba ni zangu tu. Formasio dola 400. Ongeza usafiri, chakula, na siku ambazo hautumiki, tuseme 500. Kila sentrali kadogo unayoweka inakuachia 100 safi baada ya kununua vifaa. Inabidi wateja watano kurudisha feza. Je, unaweza kutaja kwa jina wateja watano? Si "kuna soko", hapana: majina. Ukitaja wawili ambao wamekwisha kukuuliza bei, formasio inaanza kuwa na maana, juu wale wawili watakufundisha kuliko mwalimu, na mwalimu atakuokoa siku umekwama. Ukikosa hata mumoja, jifunze ku nyumba na utafute yule mumoja. Na kama kampuni inayokutumikisha njo inalipa, enda hata kesho, bila kufikiri mara mbili, lakini soma kontrati kwanza; kuna patroni anayelipa formasio ya siku nne kisha anataka ubaki miaka mitatu.

Kuna hali ingine ambapo kulipa kwa muuzaji ni haki. Kwanza, vifaa. Ku nyumba hauwezi kugusa kadi ya laini za E1, wala simu 20 za meza, wala sanduku la kuunganisha GSM. Pili, milango: makampuni mengine yanatoa bei ya rejareja ya chini na msaada wa haraka paka kwa mwenye kupita formasio yao. Kama unauza vifaa vyao, ile bei inaweza kulipa formasio yenyewe. Uliza waonyeshe kwa maandishi.

Juu ya sanduku la GSM, neno moja kwa wadogo. Kuna watu watakuita: "weye unajua Asterisk, weka tu kadi 30 za SIM, tupitishe simu za kutoka Ulaya." Ile ni fraude, waoperatere na ARPTC wanaitafuta. Hakuna mwalimu mwema anayepita hapo bila kuonya.

Na usalama. Mi naona njo kipimo cha mwisho cha programu ya masomo. Sentrali iliyofunguliwa ku intaneti bila ukuta inaanza kugongwa na mashine za watu wa mbali haraka sana. Wanajaribu maneno ya siri ku porti 5060 usiku na mchana. Wakiingia, wanaita namba za bei kali za inchi za mbali, na fakture inaanguka kwa mteja wako. Mwezi wa 8, 2025, Sangoma wenyewe walitoa onyo kwamba FreePBX zenye ukurasa wa usimamizi uliofunguliwa ku intaneti zilikuwa zinashambuliwa. Kama mu programu ya siku tano usalama uko na saa moja, siku ya mwisho, kabla ya vyeti, waulize kwa nini.

Kwa wale waliouliza juu ya formasio za ku intaneti: hesabu hata upana wa laini. Simu moja ya kodeki G.711 inakula karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, si kitu. Lakini vidio ya mwalimu pamoja na laboratware ya mbali ni kitu, na mwalimu wa Ulaya haulizaki delestaje ya mutaa wenu. Uliza kama masomo yanarekodiwa na laboratware inabaki wazi siku ngapi. Kama hawarekodi, na umeme mu mutaa wenu unarudiaka saa nne ya usiku, toa zile saa mu hesabu ya kile unanunua, kisha uangalie tena bei.